Wadau, maigizo yanaweza kuamsha mtaa uliodorora au tunajisumbua?

Kijana wa Tandale
Habari za jioni wadau. Huku kwetu kuna godauni la zamani, nusu ya bati zimeshang'olewa, vijana wanashinda pale wanabeti tu. Sisi wanane tunataka tuligeuze ukumbi wa maigizo. Mwaka juzi ulikuja mradi flani tukapewa tisheti na soda, tukaigiza malaria mara tatu, wakapiga picha wakaondoka na spika zao, mtaa ukarudi vilevile. Safari hii tunataka kitu kibaki. Kuna sehemu imewahi kuwezekana? Na kiingilio tuweke au bure?

Mkongwe wa Ilala
Mdogo wangu weka kiingilio hata jero, cha bure watu wanakidharau. Miaka ya 90 vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT walikuwa wanajaza mabaa ya Dar, watu wanatoa hela zao wenyewe. Ila hawakuleta igizo tupu, usiku mmoja unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo ndo linaingia hapo katikati, halafu taarabu inafunga na akina mama wanapanda kutunza. Igizo tupu masaa mawili uswahilini utaigizia viti. Na msisahau kujisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa.

Msee wa Limuru
Huku kwetu Kenya kuna kijiji cha Kamiriithu, si mjini kabisa lakini wengi walikuwa vibarua wa kiwandani na mashamba ya chai. Ilianzia kwa masomo ya ngumbaru, yaani watu wazima kujifunza kusoma, alafu 1977 wanakijiji wakajijengea ukumbi wa wazi wa watu kama 2,000. Mazoezi yalikuwa hadharani, mzee akipita anasimama anawarekebisha vile mtu wa rika lake huongea, so siku ya kwanza mchezo ulikuwa ushakuwa wao. Serikali ikaupiga marufuku huo mchezo baada ya wiki chache, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na 1982 polisi wakabomoa jukwaa lenyewe. Fanyeni mazoezi mlango ukiwa wazi, na hiyo ruhusa ya godauni iwe kwa maandishi.

Mama Mihogo
Jamani mnaongelea sanaa, mimi nauliza kile kichochoro saa nne usiku nani atapita na watoto? Taa kwanza, na choo. Na masika Mto Ng'ombe ukijaa hizo nguo zenu za maigizo mtaziweka wapi? Mkianza saa kumi na moja jioni nakuja na wanangu na karai langu la mihogo, nauza pale mlangoni, na nikiona kijana anawasumbua namfukuza mwenyewe maana hapo pameshakuwa kazini kwangu.

Kijana wa Tandale
Mama umeniua aisee, kwenye hesabu zetu tuliandika spika, choo hatukuandika kabisa 😂 Kesho naenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua. Mazoezi tulipanga Jumamosi saa kumi na moja, mlango wazi, ila nimeangalia ratiba siku hiyo ni Simba na Yanga na kibanda umiza cha kuonyeshea mpira kipo ukuta kwa ukuta na sisi. Tumehamishia Jumapili.