Naomba ushauri: trekta la kufyeka na kuvuta magogo shambani, nichukue lipi?

Kilima Kipya
Habari zenu wakuu. Nimeachiwa shamba na marehemu baba, eka 14. Limekaa miaka minne bila mtu. Vichaka vimepanda, barabara ya ndani imeliwa na mvua, na miti kama saba imeangukia uzio. Nataka mashine moja ifanye yote: kufyeka, kuvuta magogo, kusawazisha barabara. Nimebakiza mbili: trekta la zamani la HP 50 (nguvu za farasi) lenye slasha yake, ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma, au dogo jipya la HP 25 lenye kijiko cha mbele. Bei zinakaribiana. Nichukue lipi? Naomba majibu mapema, kuna mtu ananisubiri mpaka Ijumaa.

Fundi wa Zamu
HP 50 mkuu, wala usiumize kichwa. La zamani unalifungua kwa spana zako mwenyewe. Nenda asubuhi kabla halijawashwa, shika injini uhakikishe ni ya baridi, ndipo liwashwe. Moshi wa bluu ujue linakula oili. Chomoa kijiti cha oili ya haidroliki: ukiona nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ondoka.

Siti ya Mbele
Nunua mbuzi 40. Wanafyeka, hawanywi dizeli, na sijawahi kusikia mbuzi kampindukia mtu.

Mama Eka Tano
Mleta uzi, kabla ya HP nijibu matatu. Shamba ni tambarare au mteremko? Nani ataendesha? Hilo la zamani lina vile vyuma vya kinga nyuma ya kiti, vya kumlinda dereva likipinduka?

Kilima Kipya
Fundi asante, oili nitaiangalia. Mama, lina mwinuko kidogo upande mmoja. Tutaendesha mimi na mdogo wangu.

Mama Eka Tano
Nimeuliza matatu umejibu mawili. Na hilo "kidogo" silielewi. Chukua ubao wa mita 2 na pima maji, nenda pale pabaya kuliko pote. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ile nyingine inua mpaka kiputo kikae katikati, halafu pima kwa tepu kutoka ncha hiyo hadi chini. Ukipata sentimita 54, hizo ni nyuzi 15. Mashine nyingi za kukatia nyasi zile za kukalia, watengenezaji wanakwambia hapo ndio mwisho. Pima, uje na namba.

Dereva Mstaafu
Mimi nimekwama kwenye "kuvuta magogo". Kaka yangu alikuwa anang'oa gogo lililozama kwenye tope. Mnyororo badala ya kuufunga kwenye pini ya chini ya kuvutia tela, akaupitisha juu, kwenye ekseli, akisema gogo litanyanyuka vizuri. Akaachia klachi. Gogo halikusogea, tairi za nyuma hazikuteleza, basi ikanyanyuka pua ya trekta. Nilikuwa pembeni na panga mkononi. Nilianza kumwita, jina lake sikulimaliza. Kama sekunde moja na nusu, tangu tairi za mbele ziache ardhi mpaka vile vyuma vya nyuma vijikite kwenye tope. Trekta likabaki limekaa kwa makalio kama mbwa, kaka yuko kitini, mkanda umemshika, dizeli inamchuruzikia begani. Yuko hai mpaka leo. Bila vile vyuma ningekuwa nasimulia mengine. Mnyororo haufungwi juu ya pini ile, hata siku moja, hata kwa gogo dogo.

Nyota Njema
Poleni kwa msiba. Ndugu yangu, baba amekuachia ardhi, hakukuachia haraka. Hilo shamba limesubiri miaka minne, litasubiri na mwezi. Kodi mashine na dereva anayeijua, akufanyie kazi ya kwanza huku unamtazama. Na hiyo slasha, angalia propela yake, ile shafti inayoizungusha kutoka kwenye trekta: inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kama haina kava, shati likishikwa hakuna muda wa kulivua.

Kilima Kipya
Nimepima. Sentimita 80. Ni upande unaoshuka bwawani, na huko ndiko kwenye vichaka vingi. Kuhusu vyuma, vilikuwepo, mwenye trekta alivikata ili liingie bandani kwake. Lakini jamani, ameliendesha hivyo hivyo miaka 20 na yuko hai. Mimi nitakwenda taratibu, gia ya kwanza, na mkanda nitaweka. Ukweli ni kwamba nusu ya pesa nimeshatanguliza.

Msema Wazi
Hii chai. Juzi ulikuwa unachagua kati ya mashine mbili, leo nusu ya pesa ishatoka. "Mwinuko kidogo" umekuwa sentimita 80, na bwawa limejitokeza chini yake. Nani anakata kinga ya uhai wake kwa ajili ya banda? Watu wanapoteza muda kukuandikia.

Siti ya Mbele
Weka picha.

Fundi wa Zamu
Msema Wazi, wanakata. Wengine kwa ajili ya banda, wengine matawi ya miembe yanawasumbua. Nimeyaona kwa macho yangu. Na nirekebishe niliyosema juu: niliulizwa trekta nikajibu injini. Sentimita 80 kwa mita 2 ni karibu nyuzi 22. Hapo trekta bila kinga sikai mimi, na nimeyaendesha maisha yangu yote.

Mkuu, asije mtu akakwambia vile vyuma atavichomelea. Joto la kuchomelea linadhoofisha chuma, na kinga hiyo hupimwa ikiwa nzima. Inatafutwa seti iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo, inafungwa kwa bolti.

Mama Eka Tano
Na mkanda bila vyuma usifunge. Utakuwa umejifunga kwenye kitu kinachokulalia. Vyuma na mkanda vinakwenda pamoja. Uswidi iliviwekea sheria kwa matrekta mapya mwaka 1959 na vifo vya kupinduka vikashuka. Huyo wa miaka 20 labda shamba lake ni tambarare. Ulimuuliza?

Kilima Kipya
Sikumuuliza. Picha sina, trekta liko kwake. Ila nimeviona vishina viwili nyuma ya kiti, kila kimoja urefu wa kiganja, vimepakwa rangi nyekundu juu ya kutu. Nilipitisha kidole, ukingo bado mkali. Nilipouliza akacheka, akasema hapo ni pa kuning'iniza jaketi. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilijua mtakachoniambia, na pesa imeshakwenda.

Na kuna hili. Mdogo wangu ana miaka 16. Mimi niko kazini siku tano, kwa hiyo atakayeendesha zaidi ni yeye.

Msema Wazi
Neno chai naliondoa. Huyo mtoto asipande pale.

Dereva Mstaafu
Kijana, nisikilize. Nusu iliyotoka ni pesa. Mpigie huyo bwana leo hii.

Mama Eka Tano
Ukilichukua, libaki sehemu ya tambarare, na lisiwashwe kabla kinga haijafungwa. Mteremko wa bwawa fyeka kwa mashine ya mkono ya kuvaa mabegani, au kodi ile ya kufyeka inayotembea kwa minyororo badala ya tairi, inayoendeshwa kwa rimoti, mtu akiwa amesimama mbali. Soma kibati chake imeruhusiwa nyuzi ngapi. Ukingo wa bwawa au mtaro wowote, kaa mbali nao angalau sawa na kina chake, maana udongo wa ukingoni unameguka chini ya tairi kabla hujaona ufa. Mdogo wako mpe uzio, mpe panga, mpe rangi. Usukani bado.

Kilima Kipya
Nimempigia. Pesa harudishi, ila amekubali trekta libaki kwake mpaka nipate kinga. Mdogo wangu nimemwambia, amenuna, hataki hata kuongea na mimi. Fundi, nataka kuagiza seti lakini kibati cha modeli kimefutika kabisa. Naijuaje?

Fundi wa Zamu
Namba nyingine imegongwa kwenye chuma chenyewe, ubavuni mwa injini au kwenye bodi ya gia. Sugua kwa brashi ya waya, paka chaki juu yake, futa kwa kiganja. Itakayobaki nyeupe ndani ya mikwaruzo, iandike kama ilivyo, na herufi zake zote, uilete hapa.