Mjadala: Anayemaliza kozi ya bure mtandaoni ahesabiwe krediti za shahada?

Mwanzisha mada
Wadau, mwaka 2011 kozi ya akili bandia ya Sebastian Thrun na Peter Norvig, iliyotolewa kupitia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilivuta watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni, Coursera na edX. Leo masomo mengi ya mwaka wa kwanza yapo mtandaoni bure. Naona anayeyamaliza ahesabiwe krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa kufikia shahada. Kumlipisha mtu upya kwa somo analolijua ni kumpotezea muda na fedha.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, napinga. Kozi ya saketi na elektroniki ya chuo cha MIT, Marekani, 2012, ilikuwa na waliojiandikisha 155,000 hivi; waliopata cheti ni 7,157. Chuo cha San Jose State, Marekani, kilijaribu 2013 kutoa krediti za hisabati na takwimu kwa kushirikiana na Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni. Ufaulu ukawa chini ya ule wa darasani, mpango ukasitishwa Julai mwaka huohuo. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo waliokwisha kufeli hisabati. Hao wanahitaji mwalimu pembeni, video peke yake haiwatoshi.

Mchangiaji wa pili
Takwimu hizo za waliojiandikisha na waliomaliza zinapotosha, kwa sababu kujiandikisha ni kubofya tu. Kwenye kozi za MIT na Harvard za 2017-18 waliomaliza ni asilimia 3.13 ya wote, lakini kati ya waliolipia cheti ni asilimia 46.

Kinachonitia wasiwasi ni mtihani. Udanganyifu unakwenda hivi: mtu anafungua akaunti mbili. Kwa ya kwanza anabahatisha mpaka nafasi za kujibu ziishe na mfumo umwonyeshe jibu sahihi. Analinakili, halafu analijaza kwenye akaunti ya pili, ile yenye jina litakaloandikwa kwenye cheti. Dawa ipo: majibu yasionekane kabla ya tarehe ya mwisho kupita, na kila mwanafunzi apate namba zake kwenye swali lilelile, mfano kwenye swali la umeme, huyu ukinzani wa omu 12, yule omu 47. Maswali ya kuchagua hayaponi kwa njia hiyo; yanataka hazina kubwa ya maswali yanayobadilishwa.

Mchangiaji wa tatu
Na insha je? Huko wanafunzi husahihishiana: kazi moja inapitiwa na wenzake kadhaa, kisha mfumo unachukua alama ya katikati. Wote wakiwa hawajaelewa swali, alama hiyo haina maana. Kwa historia au sheria, krediti hazina pa kusimama.

Mwanzisha mada
Ndugu yangu, ndiyo maana nataka kufundisha kutenganishwe na kupima. Video na mazoezi vibaki bure, mtihani ufanyike mbele ya msimamizi, insha isahihishwe na mwalimu, na mtu alipie hayo tu. Chuo cha Georgia Tech, Marekani, kilianza 2014 kutoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa chini ya dola 7,000 kwa programu nzima, na wasaidizi wa kufundisha wapo.

Mchangiaji wa kwanza
Hapo tunakaribiana. Ila edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U mwaka 2021 kwa dola milioni 800, na 2024 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kuelemewa na madeni. Chuo kitakachotoa krediti kitunze maswali na rekodi za alama kwenye mfumo wake chenyewe, kisitegemee jukwaa la mtu mwingine.