Anaimba "ba be bi bo bu" bila kukosea, ukimwonyesha "bi" peke yake ananyamaza. Nimfundisheje?

Kijana wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Morogoro, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza vitenge sokoni, ameniomba nimfundishe binti yake kusoma jioni jioni. Mtoto ana miaka saba, yupo darasa la kwanza shule ya serikali. Chekechea alisoma hizi za Kiingereza, ada ikamshinda mama yake, akahamishwa.

Huyu mtoto si mzito hata kidogo. Ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili, na akipunjwa mia anarudi kuidai. Ukutani nimebandika manila yenye silabi zote. Ukimwambia asome anaanza "ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du" mpaka "zu", kichwa kinatingishika kwa raha zake. Sasa chukua daftari, funika mstari, mwachie "bi" peke yake. Ananitazama mimi usoni, herufi haziangalii kabisa. Halafu anaanza kunong'ona kuanzia "ba", akifika ya tatu ndiyo anasema kwa sauti "bi!" Ukimwekea "da" mbele yake isomeke "bida", hapo tumeachana.

La pili, herufi anazitaja kwa Kiingereza. Nikiandika "mama" ananiambia "em, ei, em, ei". Nikimuuliza kwa hiyo inasomekaje, anajibu "emeiemei". Na ukifikiria vizuri, kwa alivyofundishwa yuko sahihi!

La tatu ni mama yake. Amenilipa elfu ishirini za mwezi, kila akirudi sokoni anauliza, "Ameshajua?" Tunasoma saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja na nusu, na mwishoni huko mtoto anakuwa anasinzia.

Mimi si mwalimu. Waliowahi kufundisha watoto wadogo wanisaidie. Naomba kuwasilisha.

Dingi wa Tabata

Dogo, sisi tuliimba hiyohiyo ba be bi bo bu fimbo ikiwa mezani, na leo tunasoma mpaka mikataba. Mnadekeza sana watoto. Mchape viwili vitatu uone kama hiyo "bi" haitatoka.

MamaWawili

Dingi acha hizo. Wewe uliyejua ndiye uko hapa jamvini unaandika. Wale ulioimba nao wakatoka darasa la saba hawawezi kusoma barua, watakujibu vipi?

Kijana, hamisha muda. Saa moja na nusu ni nyingi mno kwa mtoto wa darasa la kwanza, tena jioni ameshacheza amechoka. Wangu nilikuwa nakaa naye saa kumi, akishakula na kuoga, dakika ishirini hivi. Akianza kupiga miayo tunafunga, hata kama tulikuwa tumebakiza neno moja. Mengine ngoja waje walimu wenyewe.

Bi Mwalimu

Mwanangu wa Kihonda, hujambo. Nimefundisha darasa la kwanza karibu maisha yangu yote ya kazi, Singida vijijini halafu Dodoma. Ni wa kundi lile mnalolicheka, walimu wa UPE, tulioingia darasani baada ya 1977 serikali ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu hawatoshi. Chekeni tu, lakini watoto wa darasa la kwanza nawajua.

Huyo binti anaimba, hasomi. Ng'oa hiyo manila leo hii. Silabi zenyewe hazina kosa, ndiyo njia inayokifaa Kiswahili, kwa kuwa irabu zetu ni tano tu na kila moja ina sauti ileile popote utakapoikuta. Kosa liko kwenye mpangilio. Ukizipanga vilevile kila siku, mtoto anashika mpangilio na macho yanakosa kazi. Ndiyo maana anakutazama wewe usoni: jibu analitafuta pale linapotokaga.

Anza na sauti. Herufi m usiiite "em", usiiite "ma". Funga midomo uvume: mmmm. Halafu s: ssss. Halafu l na n. Nakutajia hizi nne kwa sababu zinavutika. B, k, t na d hazivutiki. Ukitaka kuzisema peke yake lazima zitoke na kijirabu nyuma yake, na hapo ndipo mtoto anapokwambia "bu-a" ukimtaka aseme "ba". Ziache zisubiri. Irabu chukua a, i, u tu. Moja mdomo wazi, moja umetabasamu, moja umechongoa midomo. Mtoto anaona kwa macho, hata kama sikio halijakaa sawa. E na o atazipata baadaye, maana wengi huzichanganya na i na u.

Kaombe vizibo vya soda dukani. Vioshe, andika herufi moja kila kizibo kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi. Weka m mezani, weka a pembeni yake kama shubiri moja. Mtoto aweke kidole juu ya m, avume mmmm huku anakisukuma kizibo mpaka kigonge kile cha a: mmmmaaa. Ma. Asukume yeye, siyo wewe, na asikate pumzi katikati. Ikishatoka, ondoa a weka i. Ikitoka, rudisha a, ondoa m weka s. Unabadilisha kimoja tu kila mara, na hujamwambia ni kipi. Hapo atalazimika kuangalia.

Kwa herufi hizo saba una maneno ya kutosha: mama, mimi, sisi, nani, nini, lala, lima, simu, sala, salama, asali, nanasi. Mtoto akisoma nanasi mwenyewe bila picha, utamwona anavyokimbilia uani kutangaza.

Kujua kama anasoma kweli au amekariri, mtungie maneno yasiyokuwepo: sulu, numi, lusa. Mwambie ni majina ya mazimwi. Aliyekariri atakwama, anayesoma atayasoma huku anacheka. Hata kile kipimo cha kusoma wanachokiita EGRA, kinachotumika nchi nyingi, kina sehemu ya maneno ya kubuni kwa sababu hiyohiyo.

Akishaelewa kuunganisha, hizo b, k, t atazipokea ndani ya silabi moja kwa moja: ta, ti, tu. Ila b na d usizifundishe kwa wakati mmoja. Fundisha b, ikae, ipite herufi nyingine mbili tatu, ndipo d.

Utakapofika kwenye "mtoto" atakusomea "mutoto", na "mlima" atasema "mulima". Usigombe. Mwambie hiyo m haina irabu ya kushikana nayo, inasimama yenyewe, halafu mpigishe makofi: m-to-to, makofi matatu. M-li-ma, matatu. Lakini mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi, maana hapo m na b zimeshikana zikawa sauti moja. Mb, nd, nj, ng, nz, ny, ch, sh, kila moja iandike kwenye kizibo kimoja ili asiziachanishe. Ng' ya ng'ombe iwe ya mwisho kabisa, na usiilaze karibu na ng ya ngoma mpaka kila moja aijue peke yake. Hizo mbili hata wakubwa humu jamvini zinawashinda, naona mnavyoandika.

Jambo jingine: akimaliza neno, muulize ni kitu gani. Wapo wanaosoma sa, la, ma vizuri kabisa, ukiuliza wamesoma nini wanabaki wanakutazama. Wamesoma polepole mno, mwanzo wa neno umeshawatoka kichwani. Arudie bila kupumzika katikati mpaka alisikie neno analolijua.

2015 ulipokuja mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili, masomo yalipunguzwa ili muda mwingi uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na mkazo ukawekwa kwenye sauti za herufi. Walimu wengi wakarudi kwenye wimbo, kwa kuwa darasa lina watoto mia na ushee na wimbo ndio unaowatuliza. Simlaumu mwalimu wa huyo binti. Wewe unaye mmoja.

Na huyo wa Tabata, ukimchapa mtoto kwenye "bi" atakachojifunza ni kuiogopa "bi".

Mkaazi wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi naongezea la chuoni. Wangu alianza madrasa kabla ya skuli, na huko husomeshwa alifu fataha a, alifu kasira i, alifu dhuma u, kisha be fataha ba, be kasira bi, be dhuma bu. Alipofika skuli, kuunganisha hakukumpa taabu, kwani alishazoea kwamba herufi haitamkiki mpaka ipate irabu yake. Kilichomtaabisha ni upande. Kiarabu huanzia kulia, basi na "simu" akaianzia kulia, akasoma "musi". Nilimchorea nyota ya kijani kushoto mwa kila mstari, nikamwambia safari yaanzia hapa. Muulize huyo binti kama husoma madrasa, usije ukadhani ni mtoto wa kuchanganya herufi kumbe ni njia mbili zapishana.

Nyumbani Tarime

Kwetu mtoto anaona "kula" anasoma "kura". Baba yake akawa anamkatisha kila mstari: "siyo kura, ni kula!" Mtoto akaanza kuficha kitabu chini ya godoro. Mwalimu wake akatuita, akatuambia macho yameona l sawasawa, ulimi ndio wa nyumbani. Msahihishe mkiwa mnaongea, akisoma mwacheni amalize. Kama huko kwenu Moro mtoto ana lafudhi ya kwao, zingatia hilo.

MamaWawili

Nimesahau vitabu. African Storybook wana hadithi fupi za picha mtandaoni, bure, za Kiswahili zipo nyingi, zimepangwa kwa viwango. Chukua kiwango cha chini kabisa, ukurasa una maneno machache tu. Zisome wewe kwanza, nyingine zina maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza hajawahi kuyasikia. Vitabu vya shule vya KKK vipo kwenye maktaba mtandao ya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kijana wa Kihonda

Shikamoo Bi Mwalimu. Asanteni wote, hata Dingi.

Mrejesho. Manila nimeitoa, mtoto akauliza wimbo umekwenda wapi. Mangi wa duka la kona amenipa mfuko mzima wa vizibo, tunasukumia kwenye meza ya plastiki, kelele zake mpaka majirani wanachungulia. Muda tumehamishia saa kumi. "Ma" na "mi" zimekaa. Jana nimempangia m, i, m, i, akasukuma, akavuma, halafu akajipiga kifua: "Mimi!" Ila "mu" inamshinda, kila nikiweka u anasema "ma". Kuhusu madrasa, hasomi, ni Wakristo.

Maswali mawili. Mama yake anataka "ei, bii, sii" ziendelee, kwa sababu hali ikikaa sawa anataka kumrudisha kule kwa Kiingereza. Na namjibu nini akiuliza "ameshajua?"

Bi Mwalimu

Marahaba mwanangu.

"Mu" kwanza. Maneno yapumzike kidogo. Mezani viwepo vizibo vitatu tu, m, a na u. M isiondoke. Mwambie aangalie irabu kabla hajaanza kuvuma, na kama ni u achongoe midomo tayari, ndipo avume. Sasa hivi anaanza kuvuma akiwa hajui anakokwenda, akifika mwisho mdomo unafunguka wenyewe na a ndiyo inayotoka. Ukimwona amechongoa mapema, ujue ameshaisoma hata kabla sauti haijatoka.

Majina ya Kiingereza hayana ugomvi na sisi. Mwambie mtoto: ng'ombe jina lake ng'ombe, lakini akilia anasema muu. Herufi hii jina lake em, ikilia inasema mmm. Wakati wa vizibo tunataka kilio, jina tutaliuliza siku nyingine. Wanaelewa, nimewafanyia wengi waliotoka hizo chekechea. Akirudishwa Kiingereza atakuta herufi nyingi za konsonanti zinalia vilevile, atakaohangaika nazo ni irabu, na hiyo kazi itakuwa ya walimu wa huko.

Mama yake usimjibu "bado" wala "ameshajua". Mwambie Jumapili akitoka kanisani akae dakika kumi, mtoto amsomee yeye. Nyumbani ampe gazeti lile linalofungiwa maandazi na kalamu, azungushie duara kila "ma" anayoiona. Hesabu ya maduara mama ataijua mwenyewe, hana haja ya kukuuliza wewe.

Na akiwa anazungushia, mtazame anavyolishika gazeti. Akilisogeza karibu na pua, au akifumba jicho moja, mama ampeleke hospitali apimwe macho kabla hamjaendelea na herufi nyingine.