Wewe unayeangalia episodi usiku kwa siri halafu ukikaa na mwenzio unajifanya kushtuka, Mungu anakuona

Jamani habari zenu, sina salamu ndefu maana hapa naandika mikono inatetemeka na mhusika mwenyewe kalala chumba cha pili, anakoroma kama hajafanya kitu. Nimekuja kutema nyongo. Na naomba kabisa asitokee mtu wa kuniambia "dada hiyo ni tamthilia tu", huyo anisubiri nimalize ndo aongee.

Iko hivi. Mimi na baba watoto tuna tamthilia yetu moja, jina silitaji kwa sababu najua humu kuna wenzetu hawajaianza na mimi sio mshenzi kama watu fulani ninaowafahamu. Sizoni ya kwanza tuliiangalia nina mimba ya huyu wa pili, miguu imevimba, yeye anaikanda huku tunabishana nani kauza siri za familia. Sizoni ya pili imetoka mtoto anatembea. Sizoni ya tatu imetoka juzi juzi hapa na huyo mtoto sasa hivi ananiletea daftari nimsaidie kutoa na kujumlisha. Pigeni wenyewe hesabu tumesubiri kiasi gani. Kwa episodi nane!

Tukawekeana masharti. Ijumaa na Jumamosi tu, watoto wakishalala, episodi mbili mbili, hakuna kutangulia. Na hilo neno la "hakuna kutangulia" alilitoa yeye, kwa kinywa chake, tena akaninyooshea kidole mimi kana kwamba mimi ndo nina historia.

Basi wiki ya kwanza tukaenda vizuri, raha tupu, ya kwanza mpaka ya nne. Sasa ile ya nne inaishia pabaya, usiku, mvua inanyesha, mlango unasukumwa taratibu, mtu anaingia na kamera iko chini kabisa, sura huioni, unaona viatu tu. Viatu vya kahawia, kimoja kamba imelegea. Giza. Majina yanaanza kupita.

Jamani nimeishi na vile viatu. Jumapili yote nafua nawaza viatu, Jumatatu niko kwenye kikao bosi anaongea mimi nawaza viatu, Jumanne mchana uvumilivu ukanishinda nikamtumia meseji baba watoto, "vile viatu ni vya mjomba wake, nimekumbuka sizoni ya kwanza alivaa kama vile". Akanijibu "mmmh sidhani" na kile kikatuni cha kushika kidevu. Nikaona kweli mwenzangu naye anaumiza kichwa. Kumbe wakati ananiandikia "sidhani" jamaa anajua ni viatu vya nani tangu usiku wa kuamkia siku hiyo!

Nimejuaje? Jumatano asubuhi nawasha TV niwawekee watoto katuni watulie nimalize kuvaa, skrini inawaka, katikati kuna maandishi makubwa yananiuliza BADO UNAANGALIA? Na nyuma yake episodi ya 7. Nikasimama pale nina kiatu kimoja mguuni kingine mkononi. Ya saba? Sisi tuko ya nne! Nikarudi kwenye orodha, ule mstari mwekundu wa chini ya picha, ya 5 umejaa mpaka mwisho, ya 6 umejaa mpaka mwisho, ya 7 umegusa kidogo tu mwanzoni. Yaani mtu kaangalia mpaka usingizi umembeba, mashine ikaendelea yenyewe, ikafika mahali nayo ikaona mbona kimya, ikauliza, hakuna wa kuijibu. Na usiku ule nilimuuliza mbona umechelewa kuja kulala akasema alikuwa anamalizia ripoti ya kazini. Ripoti!

Sikusema kitu. Nikajiambia ngoja Ijumaa nimuone atakavyofanya, labda atakiri mwenyewe.

Ijumaa ndo leo. Tumekaa, taa tumezima, nimeweka episodi ya 5. Sasa nyie mnaomjua mwenzi wenu mtanielewa: huyu bwana hata filamu iwe ya mabomu, dakika ya kumi yuko usingizini, mdomo wazi. Leo macho makavu. Na haangalii TV, ananiangalia MIMI. Kageuza shingo yote. Nikigeuka anarudisha macho kwenye skrini fasta kama mwanafunzi aliyekuwa anachungulia. Tunafika pale kwenye viatu, muziki unaanza kupanda, kamera bado iko magotini kwa yule mtu, sura bado, mwanaume kashashika kifua, "HEEE!" Hee ya nini sasa? Hujaona kitu! Katangulia sekunde tatu nzima. Nimeolewa na steringi asiyejua zamu yake.

Na hiki ndo kinachoniuma mpaka nimeamka kuja kuandika, sio kwamba anajua hadithi. Ni kwamba ile sura ilipotokea mimi sikuiona. Nilikuwa namtazama yeye. Siku sita nasubiri kujua viatu vya nani, dakika yenyewe ikanipita namchunguza mume wangu anavyoigiza. Halafu tukimaliza huwa tunalala chali tunabashiri, huyu atakufa, yule atarudi, hiyo ndo sehemu yangu, kuliko hata tamthilia yenyewe. Leo nikisema kitu ananisikiliza kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa watoto wakimwambia mwezi unatufuata. "Eeh, inawezekana."

Zamani huu ujinga haukuwepo kwa sababu haukuwezekana. Wakubwa humu mnaikumbuka Dallas, ile tamthilia ya Marekani, mhusika wao JR alipigwa risasi Machi 1980 na jibu la nani kampiga likaja Novemba 21, miezi minane watu wanaulizana. Waandaaji walirekodi mpaka vipande vya kupoteza maboya, wahusika tofauti tofauti wakimpiga risasi mmoja baada ya mwingine, ili ukweli usivuje. (Aliyempiga simtaji, miaka 40 na ushee imepita lakini utaratibu ni utaratibu.) Jibu lilipotoka, Marekani peke yake waliangalia watu kama milioni 83, kwa pamoja, usiku mmoja. Hakuna mume wa mtu aliyeamka saa saba akatangulia, angetangulia aende wapi? Hata hizi za juzi, Lost imeanza 2004 imeisha 2010, kule ilikotoka watu walikuwa wanapewa moja kwa wiki, wiki nzima mnabishana kuhusu kile kisiwa walichokwama, mwenye nacho na asiye nacho wote gizani. Halafu Februari 1, 2013 Netflix wakaachia tamthilia ya House of Cards, episodi 13 kwa mpigo, chukua jimwagie, na sisi tukashangilia eti tumepewa uhuru. Uhuru gani? Tumepewa mtihani wa uaminifu sebuleni.

Na wakishakumwagia zote siku moja wanakwambia haya, kasubiri tena. Stranger Things sizoni ya tatu Julai 2019, ya nne ikaanza Mei 2022, ya tano ikaanza Novemba 2025, wale watoto wa baiskeli wameota ndevu. Najua katikati kulikuwa na korona, na waandishi wa tamthilia na filamu kule Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, waigizaji nao wakagoma mwaka huo huo, sawa, mtu anadai haki yake simlaumu. Ila mimi niliyesubiri miaka nikiletewa nane zangu naomba nizile na mtu niliyesubiri naye, nimeomba kikubwa?

Mashine nayo haina tofauti na shahidi wa uongo. Episodi haijaisha vizuri, majina hayajapita, pembeni sekunde zinahesabu tano nne tatu, inakusukuma. Na ile picha ndogo wanayobandika kwenye kila episodi, hivi anayezichagua ana akili timamu? Kuna mtu tumemzika ya pili, tumelia, picha ya episodi ya 8 wamemuweka kasimama anacheka! Mimi sasa hivi naishusha orodha nimeziba nusu ya skrini kwa mkono.

Haya, semeni.

NIMEONGEZA, Jumamosi mchana:

Nimesoma majibu yote. Wewe uliyesema "si umwambie tu", nikimwambia atasema alikuwa anaangalia kidogo tu, namjua, na mimi nitapiga kelele, na watoto watauliza mama unalilia nini, nitawajibu viatu?

Nyie mnne mliokuja kumshauri atumie profaili nyingine ili ule mstari mwekundu usionekane, asanteni sana kwa kumfundisha mwizi kuvaa soksi. Nimewaandika majina.

Kaka uliyesema mkeo anaangalia huku yuko kwenye simu, kila dakika mbili "huyu nani? huyu si alikufa? kwani wale ni ndugu?", pole, hiyo nayo ni kesi lakini fungua uzi wako. Ila angalau huyo wa kwako hajui kitu kwa haki.

Na aliyeandika "wenzio wanaibiwa waume wewe unalalamikia episodi", nimekusikia. Bado nalalamika.

NIMEONGEZA TENA, usiku:

Kuna kitu sikuwaambia mchana na kwa sababu nimewatukana watu humu ndani inabidi niseme. Leo asubuhi nimeangalia ya 7 na ya 8. Zote. Bafuni. Nimekalia ndoo nimeigeuza, simu nimeiegemeza kwenye sabuni, sikio moja la kusikiliza tamthilia lingine la kusikiliza watoto, na pale mwishoni nimelia nimeuma taulo ili nisisikike. Nilisema kama mbwai iwe mbwai, siwezi kukaa tena usiku nasomwa uso kama gazeti. Watoto walikuja kugonga mara mbili nikasema tumbo linaniuma. Kwa hiyo ndio, na mimi.

Usiku tumekaa. Nikaweka ya 7, nikajipanga, nimeandaa mpaka sura yangu ya kushtuka. Ikapita. Tukaingia ya 8. Pale kabla ya kifo (cha nani simtaji) baba watoto akanishika mkono, mapema, dakika nzima kabla, anataka kunipokea nikianguka. Namgeukia na mimi nina tishu mkononi tayari nimeshamkunjia. Tukaangaliana. Kwenye TV watu wanapiga mayowe huko hakuna anayewaangalia.

Akasema, "We umeshaiona."

Nikamwambia, "Na wewe."

"Lini?"

"Asubuhi, bafuni. Wewe?"

"Jana, ulivyotoka ukaenda kuandika andika kwenye simu." Kwa hiyo wakati mimi nipo hapa nawahadithia kwamba anakoroma, alikuwa anaigiza na kukoroma. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba aliifikia ile sehemu peke yake, akataka kuniita tuangalie wote, akakumbuka hatakiwi kuwa anajua. Akabaki na mto.

Nilikuwa na hotuba nimeiandaa tangu Jumatano. Imepotea yote. Nimemwambia tu arudishe episodi ya 5, pale kwenye viatu, maana sikuwahi kuiona vizuri. Akarudisha mpaka mwanzo kabisa. Tukajifunika. Kamera iko magotini, mvua inanyesha, nataka kumuuliza hivi wewe mara ya kwanza ulidhani ni nani, nageuka, mdomo wazi, anakoroma. Dakika ya kumi.