Steringi mweusi na faini zake

Bamdogo Hamisi: Jamani nani kaiangalia ile muvi niliyotuma jana, ya makauboi ya Fred Williamson, yule steringi mweusi wa Marekani, ya 1975? Jina lake lenyewe siandiki humu kuna watoto, ni tusi, siku hizi utaikuta kwa jina la Boss tu

Salum: Nimeicheki bamdogo 😂😂 jamaa wawili weusi wanasaka majambazi kwa hela, kwenye maiti ya jambazi mmoja wanakuta barua, kumbe meya wa mji wa San Miguel kampa yule marehemu usherifu, yaani ukuu wa polisi wa mji, basi Boss, ndo Williamson mwenyewe, anaingia nayo mjini kifua mbele, sherifu ndo mimi

Rehema: Ile sura ya meya sasa 🤣🤣

Shangazi Mwajuma: Mimi nilizima. Watu wanatukanwa kila dakika nyie mnacheka nini

Rehema: Shangazi umezima kabla ya faini!! Boss anatunga sheria zake, ukimwita mtu mweusi lile tusi hadharani unalipa au unalala ndani, na yule Amos msaidizi wake anazikusanya meno yote nje. Hatucheki tusi, tunacheka wale ambao mdomo umeshazoea, wanajibana weee mwisho linawatoka tu, mfuko unaumia

Shangazi Mwajuma: Hapo sawa. Ila sherifu mweusi enzi hizo si wamejitungia tu

Bamdogo Hamisi: Dada, sherifu sijui, ila askari mweusi Bass Reeves alikuwepo kweli, kazaliwa mtumwa 1838, mwaka 1875 kapewa beji ya uaskari wa serikali kuu pale Fort Smith Arkansas na inasemekana alikamata watu zaidi ya 3,000, weupe wakiwemo. Makauboi weusi walikuwa kibao, Hollywood ndo iliwaficha

Salum: Mwisho sijauelewa, Boss kala risasi anamwomba Amos asimwache afie mji wa wazungu, wanaondoka na mkokoteni wa farasi. Kafa hajafa?

Bamdogo Hamisi: Steringi hafi! Muvi kaiandika Williamson mwenyewe na masharti yake yanajulikana, hauawi, anashinda kila ugomvi, na demu akimtaka anampata. Jitu limecheza Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ya kwanza kabisa 1967 na timu ya Kansas City Chiefs, nani ambishie

Rehema: Kwa hiyo kajiokoa na kalamu 😂

Shangazi Mwajuma: Basi nitumie tena Hamisi nilishaifuta simu imejaa. Na huyo Amos mniambie mapema kama anakufa nisije kupoteza bando langu

Salum: Hafi shangazi, mkokoteni nani ataendesha