Koaksi, Wi-Fi ya vituo vingi au waya wa umeme: kipi kinafaa kwa chumba cha juu kinachopata kasi ndogo?

Mkaazi wa Ghorofani:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Minneapolis katika nyumba ya mbao ya kupanga, ambayo kila chumba chake kina tundu la kebo ya koaksi lililobaki tangu enzi za televisheni ya kebo. Intaneti yangu huingia kwa fiba hadi chumba cha chini, na kompyuta iliyo karibu na ruta hupata megabiti 800 kwa sekunde bila shida. Ofisi yangu iko ghorofani, nami nimeiunganisha na ruta kwa jozi ya adapta za MoCA 2.5 zinazopitisha mtandao ndani ya koaksi, lakini huko juu napata kati ya megabiti 60 na 110 tu, na mikutano ya video hukatika katikati ya mazungumzo. Mwenye nyumba hataki ukuta wowote utobolewe. Nalinganisha njia tatu: kununua adapta nyingine za koaksi, kuweka Wi-Fi ya vituo vingi (vifaa kadhaa vinavyopokezana mawimbi nyumbani), au kutumia adapta zinazopita kwenye waya wa umeme. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuzitumia.

Fundi wa Waya:
Ndugu, usitoe fedha kabla hujajua kasi inapotelea wapi. Weka programu ya iperf3 kwenye kompyuta mbili, moja kando ya ruta na nyingine ofisini, upime kati yake bila kuihusisha intaneti. Ukipata takriban megabiti 940, koaksi yako ni nzima na tatizo liko kwingine. Ukipata 94 isiyopanda wala kushuka, kagua kamba fupi ya ethaneti inayotoka kwenye adapta, kwa sababu waya mmoja ukikatika ndani yake, vifaa viwili hukubaliana kufanya kazi kwa megabiti 100 na havikuambii lolote. Ukipata namba inayoyumba, fungua ukurasa wa adapta usome kasi ya kiungo, yaani kasi ambayo adapta hizo mbili huwasiliana ndani ya koaksi, ambayo kwa MoCA 2.5 yenye afya hukaribia megabiti 3,500.

Kisha itafute splita, yaani kigawanyaji kinachotawanya koaksi moja kwenda vyumba kadhaa. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakitupa adapta nzima kwa kosa la kipande cha chuma kilichojificha nyuma ya kabati. MoCA hutumia masafa ya megahezi 1125 hadi 1675, ilhali splita nyingi za zamani zilitengenezwa kwa masafa ya 5 hadi 1000, yaani ya televisheni. Isitoshe, splita ya televisheni iliundwa kupeleka mawimbi kutoka mlango wa kuingilia kwenda vyumbani, na kuzuia chumba kimoja kisikichafulie kingine. Adapta zako zinataka kupita njia hiyo hiyo iliyozuiwa, kutoka chumba hadi chumba. Kadiri splita inavyokuwa na milango mingi, ndivyo mawimbi yanavyozidi kudhoofika: ya milango miwili hupoteza takriban desibeli 3.5 na ya milango minane takriban 11, na hapo ni kwenye masafa iliyoundiwa na katika mwelekeo iliyoundiwa.

Binti Tanga:
Mimi niko Toronto, na nilichagua Wi-Fi ya vituo vitatu kwa sababu nyumba yetu haina koaksi inayofika chumba cha watoto. Kwa simu na masomo ya mtandaoni inatosha, na sijutii. Lakini kituo kinachopokea na kutuma kwa redio ile ile hugawa muda wake mara mbili, hivyo kwenye chumba cha mwisho kasi hupungua karibu nusu. Kaka, ukiweza kuitengeneza koaksi, itumie kama uti wa mgongo, na kituo cha Wi-Fi kiunganishwe nayo kwa waya kule juu. Si lazima uchague kimoja na kuacha kingine.

Mzee wa Swichi:
Kuhusu waya wa umeme, mimi nimeuacha. Nyumba za Marekani Kaskazini huletewa umeme kwa laini mbili za volti 120, na adapta zikiangukia laini tofauti husikiana kwa taabu. Jokofu likiwaka, kasi hushuka.

Mjenzi wa Kigamboni:
Samahani kwa kuingilia. Huku Dar es Salaam nyumba yangu ni ya matofali ya saruji, Wi-Fi haivuki kuta mbili, na koaksi niliyo nayo ni ile inayoshuka kutoka kwenye dishi hadi sebuleni na chumbani. Je, naweza kuitumia kwa adapta hizi?

Fundi wa Waya:
Dishi likiwa bado linatumika, usithubutu. Mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye kichwa cha dishi hukaa kati ya megahezi 950 na 2150, kwa hiyo yatagongana na ya MoCA, na dikoda hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenye waya huo huo. Kama dishi uliliacha, lifungue kabisa, na waya utafaa. Hata hivyo, ikiwa waya umepita ndani ya bomba la plastiki ukutani, kwako ningependelea waya wa ethaneti wa Cat6 kuliko adapta: ni nyembamba kuliko koaksi ya RG-6, hivyo itapita palepale, na koaksi ya zamani ndiyo itakuwa kamba ya kuivutia.

Mkaazi wa Ghorofani:
Nimerudi na majibu. iperf3 ilinipa megabiti 97 hadi 120, na kasi ya kiungo ilikuwa 310. Nyuma ya mashine ya kukaushia nguo nimekuta splita ya milango minane iliyoandikwa 5–1000 MHz, milango mitano ikiwa wazi, na waya wa kampuni ya kebo kutoka barabarani ukiwa bado umefungwa kwenye mlango wa kuingilia ingawa hakuna anayelipia huduma hiyo. Kwa kuwa natumia vyumba viwili tu, nimeiondoa splita yote, nimeufungua waya wa nje, na nimeunganisha waya wa ruta na wa ofisini moja kwa moja kwa kiungio kidogo cha skrubu. Nilipofungua tundu la ofisini niliona pia unywele mmoja wa wavu wa shaba umegusa waya wa katikati, nikaukata. Sasa kiungo kinasoma 3,480, na iperf3 inanipa 936. Sikununua chochote zaidi ya kiungio.

Fundi wa Waya:
Hongera, ndugu. Ukitaka chumba cha tatu, nunua splita iliyoandikwa 5–1675 yenye milango unayohitaji tu. Na ikiwa siku moja utaurudisha waya wa nje, weka kichujio cha MoCA pale unapoingia, ili mtandao wako usitoke kwenda kwa jirani.

Mjenzi wa Kigamboni:
Nimehakikisha, waya umo ndani ya bomba. Lakini kuna kona mbili. Je, nivutie upande gani?

Fundi wa Waya:
Anzia upande ulio karibu na kona ili usukume huko na kuvuta upande ulionyooka, na muwe wawili: mmoja asukume taratibu, mwingine avute. Fungasha ncha ya Cat6 kwenye ncha ya koaksi kwa utepe wa gundi, ukiipunguza unene kidogo kidogo isiwe na fundo, na ufunge pamoja nayo kamba ya nailoni ibaki ndani ya bomba kwa ajili ya waya utakaofuata.