Soksi za sufu za kuvaa na buti, nizingatie nini?

Wakuu niko Dodoma, nashinda saiti na buti kutwa nzima, hizi soksi za bei chee kisigino kinatoboka fasta na mguu unalowa jasho. Baridi hii ya Julai nataka za sufu.

> Sufu tupu inalika haraka mkuu, soma lebo utafute merino (sufu laini ya kondoo wa merino) iliyochanganywa na nailoni kidogo, hiyo ndo inadumu kisiginoni na vidoleni.

> Mitumbani Sabasaba zipo ila wahi asubuhi, igeuze ndani nje uimulike, kisigino kikionyesha mwanga achana nayo.

> Buti ikibana usivae nene, utaumia bure. Na maji ya moto marufuku, itasinyaa umpe mtoto.

Mchana jua likiwaka je?

> Chukua nyembamba, sufu inafyonza jasho vizuri tu.